Trekta Lililovuja Udongo

Kabla ya kulinunua lile trekta, Bwana Grisi aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya baridi. Akaridhika, maana muuzaji mwenye la kuficha huliwasha trekta mapema, ili mnunuzi akifika liwake mara moja kama mtoto aliyefundishwa kuamkia wageni. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakifuta kwa suruali. Akaomba liwashwe, akautazama moshi: mweusi kidogo, kisha hakuna. Mwisho akanyanyua plau, akahesabu mpaka mia aone kama itashuka yenyewe. Haikushuka.

Uwanjani kulikuwa na matrekta mengine mawili, yameoshwa mpaka yanang'aa. Hayo hakuyatazama mara mbili. Kwa imani yake, trekta kuukuu lililooshwa ni shahidi aliyefundishwa cha kusema. Hili lilikuwa na udongo mweusi uliogandamana chini ya madigadi, unene wa mkate, na kwa ajili ya udongo huo akalichagua.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni kaka yangu, ametutangulia," alisema muuzaji. "Mimi ndiye niliyebebeshwa mzigo wa familia."

"Pole sana. Na mjane wake?"

"Yule alirudi kwao." Alisema hivyo akilitazama tairi.

Karatasi zilisainiwa juu ya boneti. Bwana Grisi akaliendesha trekta mpaka kwake, mwendo wa mtu mwenye heshima zake.

Jina la Grisi alipewa kwa sababu alipaka grisi kila kilichozunguka: bawaba za milango, baiskeli za majirani, hata cherehani ya mama mkwe wake, ambayo tangu siku hiyo ilishona suruali zenye madoa. Shamba lake lilikuwa la changarawe nyeupe. Misimu miwili mfululizo lilitoa mahindi ya kulishia kuku, tena kuku mmoja. Mkewe alikuwa ameshatamka: msimu wa tatu ukikataa, wanauza kila kitu na kuhamia chumba cha nyuma kwa kaka yake, mtu aliyekuwa na tabia ya kuwahesabia wageni vijiko vya sukari.

Asubuhi ya kwanza, chini ya trekta palikuwa na kichuguu cha udongo mweusi.

"Linavuja," Bwana Grisi alimwambia mkewe.

"Oili?"

"Udongo."

"Afadhali, Baba Pacha. Oili haitoki kwenye nguo."

Akachukua daftari lake la matengenezo akaandika: *Oili sawa. Maji sawa. Betri sawa. Udongo unavuja, ndoo nne.* Kesho yake zilikuwa ndoo tisa. Siku ya tatu alimwita fundi, naye akalala chini ya trekta saa nzima, akatoka na majani kwenye nywele.

"Sili nzima, boliti zimekaza," alisema fundi. "Mwaka juzi nilipata moja lililovuja kelele za harusi. Vigelegele mpaka saa sita. Nikabadilisha gasketi, likatulia. Hili lako sioni cha kubadilisha."

"Linaharibu injini?"

"Wala. Wewe badilisha filta kwa wakati tu."

Basi Bwana Grisi akalima, na trekta likavuja huku likilima. Udongo ulimwagika nyuma ya plau ukaifunika changarawe, mweusi, wenye unyevu, unaonukia mvua. Ulikuja na minyoo yake. Ulikuja na kipande cha jembe, kifungo cha shati, na mche wa parachichi uliomfika mtu kiunoni. Yakaja mawe manne ya mpaka, kila moja likaenda kukaa pembeni pake bila kuelekezwa. Shemeji mwenye vijiko alikuja kutazama, akauchukua udongo kiganjani, akaurudisha chini, akaondoka bila kuaga.

Taabu ilikuwa moja tu. Kitundu cha grisi cha gurudumu la mbele la kushoto kilikataa kupitisha grisi. Bwana Grisi alikipiga, akakichokonoa, akakibembeleza, akakitukana, na grisi yote ikaishia kwenye shati.

Siku ya mwisho ya kulima, katikati ya shamba, trekta lilidondosha tuta refu kadiri ya mtu aliyelala. Lilikuwa limezungushiwa mawe, na upande mmoja lilikuwa na kibao cha mbao chenye jina lililofutwa na mvua.

"Baba Pacha," aliita mkewe, "trekta lako limeleta kaburi."

Bwana Grisi alishuka, akavua kofia, akasimama kidogo kama inavyopasa. Jioni aliandika: *Kaburi, moja. Udongo umeacha kuvuja.*

Mvua zilinyesha. Mahindi yalipofika magotini, mwanamke mmoja alibisha hodi mchana, ana mfuko mkononi na jembe begani.

"Nimekuja kumwona mume wangu," alisema. "Nilikwenda kule nikamkosa."

Wakamwonyesha. Alipita kati ya mistari bila kutazama chini, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake. Alikaa kando ya kaburi mpaka kivuli cha mparachichi kikamfikia. Aliporudi, alimkuta Bwana Grisi amepiga magoti mbele ya gurudumu la kushoto, bomba la grisi mkononi.

"Hicho hakipiti mpaka ukipashe," alisema. "Kitambaa cha maji ya moto kwanza. Halafu kigonge mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Polepole."

Bwana Grisi akafanya hivyo. Grisi mpya ikaingia, ya zamani ikatoka taratibu kama dawa ya meno. Wote watatu waliitazama ikitoka, na hapo hakukuwa tena na haja ya kuuliza trekta lilikuwa la nani.

"Shemeji yangu ndiye aliyewauzia."

"Tulinunua kwa karatasi, mama."

"Karatasi anazo nyingi. Tulipomaliza matanga alinipa na mimi moja, ya kuondoka."

"Na huko shambani?" aliuliza mke wa Bwana Grisi.

"Limebaki shimo. Mvua ikalijaza. Sasa anafuga samaki, wanamnenepea vizuri tu."

Kuku yule mmoja alipita.

"Sasa," alisema mjane, "shamba langu mtanirudishia lini?"

Bwana Grisi aliifikiria sukari. Akakifikiria chumba cha nyuma, na kitanda kimoja cha watu wanne. Kisha akaeleza, kwa upole mkubwa, kwamba wao walinunua trekta tu. Udongo ulikuja kwa miguu yake. Hata kama angependa kuurudisha, wenzo wa plau una kupandisha na kushusha, hauna kurudisha. Akamwonyesha wenzo. Mjane akautazama kwa adabu, ingawa aliujua kuliko yeye.

Mkewe alikuwa akifunika birika ambalo lilikuwa limeshafunikwa.

"Dada," alisema, "palizi inaanza kesho. Tunachukua vibarua. Chai ipo."

Mjane aliigeukia mistari ya mahindi.

"Mistari mingapi kwa siku?"

"Sita."

"Kwa udongo huu, nane," alisema. "Huu naujua."

Mahindi yalikuwa mazuri. Mwaka ule waliezeka nyumba upya, na pacha wakapata kitanda chao. Msimu uliofuata, mjane aliomba jambo moja: plau isipite juu ya mume wake. Bwana Grisi aliumia kidogo kwamba aliombwa. Akalichukua daftari, na katikati ya siku za kubadilisha filta na kuongeza maji ya betri, akaandika: *Kwenye kaburi, inua.*

Hajakosea hata mara moja. Huinua plau hatua mbili kabla na kuishusha hatua mbili baadaye, wala hakuna jiwe lililowahi kusogea. Wapita njia husimama kumtazama, husema huyu bwana ana utu. Mjane husimama kando na vibarua wenzake, jembe begani, akisubiri trekta lipite. Likishapita, huitwa, naye huingia shambani mwake kuvunja madongoa kwa ujira wa siku.