Mzunguko wa Nane Uwanjani Tarrow

Katika miaka hamsini na miwili ya Wafyatua Tofali wa Tarrow, timu yetu ya besiboli, hakuna mrushaji wetu aliyewahi kumaliza mizunguko yote tisa ya mechi bila wapigaji wa upande wa pili kupata pigo hata moja. Najua, maana kijitabu cha historia ya timu nilikipiga taipu mimi, kwenye meza ya jikoni, Jody wangu akiwa amelala mapajani. Nimeandika jinsi mwenye tanuri la tofali alivyoanzisha timu na kuwalipa wachezaji kutoka mfukoni mwake. Nimeandika mwaka wa mafuriko, walipocheza msimu mzima malishoni mwa ng'ombe. Na nimeandika habari ya mrushaji Emmett Faye, mwaka 1938.

Emmett alibakiza wapigaji wawili tu amalize mechi. Gus Tolliver, muuza karanga, akashindwa kujizuia, akapaza sauti: "Jamani, hawajapata hata pigo moja!" Mpira uliofuata ulipigwa hadi kwenye ukuta. Mpaka leo mjukuu wa Gus akiingia dukani kuna mtu atanong'ona, "Fungeni midomo, Tolliver huyo."

Kwa hiyo Tarrow tuna mwiko. Mrushaji akifika mbali bila wapinzani kupata pigo, jambo lenyewe halitajwi, na yeye hasemeshwi. Wenzake humwachia upande mzima wa benchi akae peke yake, kama mwenye ndui.

Jumapili ile ya Agosti, aliyekaa peke yake alikuwa Verlin, mume wangu.

Timu ilikuwa imeshauzwa, mwakani inahamia mji mwingine. Zilibaki mechi mbili za nyumbani. Kila mtu aliyekuwa jukwaani alijua kwamba kama ukurasa wa mechi isiyo na pigo hautajazwa leo, basi tena. Nyuma ya wavu alikaa mzee mmoja na daftari, ametumwa na timu kubwa kumwangalia Verlin. Tulikuwa tumemngoja mzee yule miaka minne.

Mzunguko wa nne mpira ulirudi kutoka kwenye gongo kama risasi, ukamgusa Verlin juu ya sikio, ukaruka hadi mikononi mwa mwenzake kabla ya kugusa ardhi, mpigaji akatolewa bila kupata pigo. Verlin alianguka. Akainuka, akapangusa suruali, akacheka. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, Mungu anisamehe, Jody akirukaruka begani kwangu.

Mzunguko wa sita nilimwona akivaa koti. Jua lilikuwa linaunguza mbao tulizokalia. Wa saba ulipokwisha aliacha njia ya benchi letu akaelekea benchi la wageni, akafika karibu kabisa, akasimama, akageuka. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Huyu kijana ana vituko!" mtu mmoja akasema nyuma yangu. "Moyo wa barafu!"

Verlin hana vituko. Verlin akiwa kazini hata mimi hanioni.

Pembeni yangu alikaa Mama Opal Stroud, ambaye ndiye anayeandika daftari la mechi tangu mumewe alipofariki. Nikamwinamia.

"Mama Opal, umemwona? Glavu ameivaa mkono anaorushia."

"Shh! Mwanangu, usimtaje."

"Sitaji jambo lile. Namtaja mume wangu."

"Leo yote mawili ni kitu kimoja," akasema, macho yamegota kwenye daftari.

Nikatazama benchi. Wenzake tisa au kumi wamejibana upande mmoja, wanatazama viatu vyao. Hata kocha Rudd alimpa mgongo. Kati yao na Verlin palikuwa na nafasi ya kulaza kitanda, na mwisho wa nafasi ile alikaa yeye, kichwa kimeinama, anafungua kamba ya kiatu na kuifunga, anafungua na kuifunga. Ndipo nikaelewa: tangu apigwe kichwani, hakuna mtu aliyekuwa amemsemesha. Watu elfu mbili walikuwa wanamtazama, na hakuna hata mmoja aliyejua kama anaweza kujibu.

Nikasimama.

"Kaa chini, bibie," akasema yule wa nyuma.

"Napita."

"Unapita wapi? Ukimfumbulia mdomo huyo, haki ya Mungu, utahama mji huu kabla ya timu!"

Nilimwona mjukuu wa Tolliver akilini, na mzee mwenye daftari, na miaka minne ya mabasi na vyumba vya kupanga. Kama nimekosea, nitakuwa nimemuua mume wangu kwa namna nyingine. Nikamkaza Jody kifuani, nikashuka ngazi.

Kwenye wavu wa benchi kocha aliniona, akanipungia mkono kwa hasira, bila sauti, niondoke.

"Verlin!" nikaita.

Uwanja ulinguruma. Mtu alinirushia kikombe cha soda mgongoni. "Mtoeni mwanamke huyo! Mchawi!"

"Verlin, mtoto huyu anaitwa nani?"

Aliinua kichwa. Alinitazama, akamtazama Jody, kisha akanitabasamia kwa adabu, kama anavyowatabasamia wake za watu.

"Samahani, bibie," akasema, ulimi mzito. "Sijapata heshima ya kumjua."

Kelele za jukwaani ziliendelea, ila pale benchini wote waligeuka kumtazama. Lester, mdakaji wa mipira yake, ndiye wa kwanza kuivuka ile nafasi. Alipiga magoti, akamshika kidevu.

"Kocha," akasema. "Njoo uone jicho hili. Mboni imetanuka, limekuwa jeusi tupu. Kocha, njoo!"

Kwenye gari la wagonjwa Verlin alitaka kulala. Nilimsemesha njia nzima, nikamsomea kijitabu kile kutoka kichwani, mwaka kwa mwaka, mafuriko, ng'ombe, yote, na kila aliponyamaza nilimfinya. Daktari alisema damu ilikuwa inakusanyika chini ya fuvu. Wakaingia naye chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa.

Lester alikuja hospitalini bado amevaa viatu vya misumari, vumbi hadi kwenye kope.

"Mrushaji tuliyemwingiza, wakapata pigo kwenye mpira wake wa kwanza kabisa," akasema.

"Wamekasirika?"

"Wengine. Mama Opal kamwambia yule wa kikombe akae chini au amchome na kalamu." Akakaa karibu nami. "Shemeji, mimi nilimwona anatapika nyuma ya ukuta, mzunguko wa tano. Nikanyamaza. Nilidhani nalinda bahati yake."

Nilimpa Jody ambebe, mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Waliniruhusu kuingia siku ya pili, mchana. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi. Alimtazama Jody kwa muda mrefu. Mapazia yalikuwa yamefungwa, chumba kina kiza.

"Twyla," akasema. "Mbona Jody hana kofia? Jua litamuunguza."

"Namvalisha sasa hivi," nikasema, nikamfunika mwanangu utosi kwa kiganja.