Sikio la Ng'ombe wa Mokami

Mokami alifika kwenye kizimba cha chanjo akiwa amelowa hadi kiunoni, kamba ya ng'ombe ameizungusha mkononi. Mvua za mwaka hamsini na nne zilikuwa zimeujaza mto Mara. Kule kisiwani kwao sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikwisha kumaliza ng'ombe wa nyumba sita. Yeye, mjane, alibakiwa na huyu mmoja.

Mezani palikuwa na bomba la sindano. Kando yake, kisu.

"Shikamoo," karani Simioni alisema bila kuinua macho. "Ng'ombe wa mtemi gani?"

"Wangu, mura."

"Usiniite mura, kana kwamba mimi ni kijana mchunga mbuzi. Niite karani. Wa mtemi gani?"

"Kisiwani hatuna mtemi. Kila mtu huketi nyuma ya amtakaye, na mwenye watu wengi ndiye anayetusemea. Mwaka huu ni Heche."

Washika ng'ombe wakacheka. "Kisiwa cha nyumba arobaini!" mmoja akasema. "Hata kunguru wana baraza."

Simioni alishika sikio la ng'ombe. Lilikuwa na mikato miwili, alama ya kisiwa tangu zamani. "Hii huku hatuijui. Tunakata ncha, iwe alama ya mtemi. Kisha sindano."

"Sindano si ya serikali?"

"Ya serikali. Kizimba ni cha mtemi."

"Na mkishakata, mtasema nini?"

"Tutasema ng'ombe amepona, mama. Unaogopa nini?"

Alitabasamu. Mokami hakulipenda tabasamu lile. Akatazama pua ya ng'ombe. Bado ilikuwa safi, bila kamasi la sotoka. Akalegeza kamba.

Ncha ya sikio ilianguka vumbini. Mokami aliiokota kabla mbwa hajaifikia.

Siku ya kuchagua msemaji, Simioni alivuka kuja kisiwani na daftari.

"Ng'ombe tisini wa mtemi, wenye alama yake sikioni, wanakula majani haya," alisoma. "Basi majani ni ya mtemi, na wenye ng'ombe hao ni watu wake. Wasiketi nyuma ya mtu. Mtemi anawasemea."

"Mlikata masikio ya ng'ombe," Heche alisema. "Sisi hamkutukata."

Akaketi chini. Nyuma yake wakaja kuketi watu wa zile nyumba sita, wasio na ng'ombe hata mmoja.

"Mokami," Heche aliita bila kugeuka. "Umeketi?"

Mokami alikuwa amesimama, ncha kavu ya sikio ameifumbata. Ng'ombe wake, aliyenenepa, aliendelea kung'oa majani miguuni pake.