Fahali Aliyekata Kamba

Itambulike na wote, kutoka Mogogosiek mpaka Roret, kwamba mimi Weldon niliteuliwa kuwa Afisa Mkuu wa Kona katika mbio za milima za shule yetu. Cheo hicho kilikuja na kibendera kimoja chekundu, nami nilipewa kwa sababu mwaka jana nilikimbia nikatapikia viatu vya mchungaji.

Kona yangu iko juu ya kilima tunachokiita Mwite Mama. Unatoka mtoni, unaingia kijia chembamba katikati ya michai, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na ukifika nusu ndipo unamkumbuka mzazi. Wachumaji hupanda hapo na vikapu mgongoni wakipiga hadithi. Sisi hupanda kwa magoti.

Siku hiyo Mwalimu Sagini alikuwa akichagua wanne wa kwenda mashindano ya kaunti. Rafiki yangu Calvince alitaka nafasi moja kuliko chakula. Yuko kidato cha nne, hana mwaka mwingine. Kwao ni ziwani, na Benard, bingwa wetu, alikuwa amemwambia bwenini, "Calvi, kilima si samaki. Hakiji kwa neti."

Basi nikawaona wanakuja: Benard, wawili nyuma yake, kisha Calvince, wa nne, ulimi nje, anawakaribia! Nilipaswa kunyamaza. Lakini Calvince anaogopa ng'ombe, na mimi ni binadamu.

"Calvi! Ndume ya Mama Chelangat imekata kamba! Iko nyuma yako!"

Calvince alipaa. Aliwapita wale watatu akilia, "Ndume! Ndume imetoka!" Sasa, kijana wa huku akisikia ng'ombe wa jirani amepotea, hawezi kupita kama kiziwi. Benard na wenzake waliacha mbio palepale, wakavunja fimbo, wakazama kwenye michai kumsaka. Waliokuja nyuma wakawafuata. Wachumaji wakatua vikapu. Kilima kizima kikawa kinapiga mluzi, nami nikacheka mpaka nikaanguka juu ya chai.

Niliposhuka shuleni, Calvince alikuwa amekumbatia nguzo ya goli, wa kwanza, peke yake. Baadaye sana akatokea Benard, matope hadi masikioni, pamoja na Mama Chelangat mwenyewe, anahema.

"Mwalimu, ndume yangu iko nyumbani inakula majani! Nani amenikimbiza kilima chote na viatu hivi vya gamboti?"

"Ni Calvince!" Benard akasema. "Alituhadaa ndio ashinde. Aondolewe!"

Mwalimu akamgeukia Calvince. Calvince alinitazama mara moja, kisha akatazama viatu vyake.

"Na wewe, Afisa," Mwalimu akaniita, akichomoa kitu mgongoni mwangu. "Sweta yako imechuma chai lini?"

"Ni huyo!" Mama Chelangat akapiga makofi. "Nilimwona amelala kwa shamba langu anacheka kama fisi!"

Nilitafuta uongo mzuri. Kwa kawaida ninao mwingi.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilimdanganya yeye kwanza. Na kabla sijafungua mdomo alikuwa tayari wa nne, kwa miguu yake mwenyewe. Muulize Benard."

Benard akakuna sikio lenye matope. "Ni kweli. Alikuwa anatupumulia shingoni, huyu mtu wa samaki."

Mwalimu akampa Calvince mkono na nafasi ya kaunti, na shule nzima ikamwinua juu.

"Kuna lingine, Weldon?"

Mama Chelangat alikuwa bado ananikodolea macho.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Nilipokuwa nagaagaa, nilivunja machipukizi ya mstari mzima."