Tumbawe la Baba Mkwe

Kazini wananiita Gundi. Jina hilo nilijipa mwenyewe, nikalirudia mbele ya wenzangu mpaka wakachoka kubisha. Mimi ni fundi wa vigae. Nimebandika vigae kwenye mabafu, majiko, ngazi za ofisi na chumba kimoja cha maiti, na sijawahi kusikia lalamiko. Hicho chumba cha maiti hukitaja zaidi, ingawa mke wangu husema wateja wa huko si watu wa kulalamika.

Kwa hiyo mama mkwe alipohamia kwetu baada ya kumzika mumewe, mimi ndiye niliyejitia kimbelembele. Baba mkwe alifuga matumbawe kwenye tangi la kioo sebuleni kwake kwa miaka mingi. Alipougua, tangi likakosa mwangalizi, na matumbawe yote yakafa isipokuwa kipande kimoja cha zambarau, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Tulilihamishia tangi sebuleni kwetu pamoja na mawe yake, taa, pampu na konokono mmoja mnene asiye na haya. Kipande chenyewe mama mkwe alikileta kwenye ndoo ya maji ya chumvi, ameipakata njia nzima. Tangu msiba hakuwa amelia mbele yetu, wala hakuwa amecheka. Alinikabidhi ndoo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimebaki na hili tu," akasema.

"Ondoa shaka, mama. Nikibandika mimi, nimebandika."

Mke wangu alikohoa. Ni kikohozi ninachokifahamu, nami nikajifanya sikukisikia.

Tumbawe linatakiwa lisimame juu ya jiwe, lipate mwanga na maji yanayotembea. Likilala kwenye mchanga, upande wa chini unaoza, na kuoza huko kunapanda mpaka limekwisha lote. Hayo niliambiwa na muuza gundi, pamoja na maelezo mengine ambayo sikuyasikiliza, maana nilikuwa nimeshaanza kumweleza habari za chumba cha maiti.

Nilianza kwa kuweka pima maji, kile kifaa chetu cha kupimia usawa, juu ya jiwe. Jiwe la baharini halina upande ulionyooka hata mmoja, lakini nilihangaika nalo mpaka kiputo kikakaa katikati. Kisha nikalitoa tumbawe kwenye ndoo likichuruzika, nikalipaka gundi, nikazamisha mkono tangini, nikalikandamiza. Nilipoutoa mkono, tumbawe likatoka nao. Lilikuwa limenasa kwenye dole gumba langu. Hapo, nakiri, gundi ilishika barabara.

Mke wangu alinikalisha, akanichovya kidole kwenye bakuli la maji ya tangi na kunibandua polepole. Mama mkwe alisimama kando akitazama lile tumbawe, si kidole.

Nikarudia. Safari hii nililigonga taratibu kwa nyundo ya mpira, kama ninavyofanya kwenye kigae ili kikae sawa. Likatoa ute mzito. Nadhani kwa lugha yake yalikuwa matusi. Lakini lilisimama. Nikarudi nyuma hatua chache, nikakunja mikono kifuani, nikamwita mke wangu aje aone.

"Asubuhi utalikuta lilipo," nikamwambia mama mkwe.

Na kweli, asubuhi nililikuta lilipo. Asubuhi iliyofuata pia, na wiki nzima, na wiki nyingine. Nilivimba kichwa. Nilipiga picha na kuwaonyesha mafundi wenzangu wakati wa chai. Jirani alipopita kuazima ngazi nilimkalisha kwanza mbele ya tangi. Nilianza hata kutoa ushauri kwa watu ambao hawakuwa na tangi wala nia ya kuwa nalo. Kero yangu ilikuwa moja tu: kila asubuhi nililikuta taulo dogo la tangini limelowa, nami nikamlalamikia mke wangu kwamba maji ya chumvi yataharibu kabati. Mke wangu akasema hajaligusa taulo. Nikajua ananidanganya. Mama mkwe, ambaye mkono wa gauni lake pia ulikuwa umelowa, aliendelea kunywa chai yake.

Kisha mama mkwe akaenda kwa mdogo wake, ambaye binti yake alikuwa amejifungua.

Asubuhi ya kwanza baada ya yeye kuondoka, tumbawe lilikuwa chini mchangani, limejikunja, na konokono amepumzika pale pale juu ya jiwe nilipolibandika. Nilimtukana konokono. Nikapaka gundi upya, nikaligonga kwa nyundo, nikaenda kazini. Asubuhi iliyofuata lilikuwa chini tena. Nilinyoosha mkono kuchukua taulo nijifute.

Taulo lilikuwa kavu.

Nikakaa kwenye kiti nalo mkononi. Wakati mimi nimelala nikiota sifa, mjane wa watu alikuwa akiamka kabla ya wote, anakunja mkono wa gauni, anaingiza mkono kwenye maji ya baridi na kulisimamisha tumbawe la marehemu mumewe mahali pake. Kila siku. Ili mkwe wake asiaibike. Nami nikamkalisha jirani atazame! Masikio yaliniwaka moto nikiwa peke yangu sebuleni, nikashukuru kwamba samaki hatunao.

Sikumwambia mke wangu. Siku zote ambazo mama mkwe hakuwepo, niliamka mapema na kulirudisha mwenyewe. Nililitazama pia kwa karibu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nianze kulisifia, nikaona upande wake wa chini umeanza kuwa mweupe. Niliogopa. Lilikuwa limeanguka mara nyingi mno, na hapakuwa na lingine.

Mama mkwe aliporudi hakuketi. Aliweka mkoba chini, akaenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Limesimama," akasema.

"Limesimama, mama."

Akalitazama taulo lililolowa, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Nani alikuwa analirudisha?"

"Mimi," nikasema, nikitazama miguu yangu.

Kwanza nilidhani amepaliwa. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kabati, na mke wangu akatoka jikoni mbio akidhani kuna jambo.

"Mbona hukuniambia, mama?" nikamuuliza.

"Ningekuambiaje, nawe ulikuwa umefurahi vile?" Alijifuta macho. "Hata baba mkwe wako sikuwahi kumwambia."

"Baba?" mke wangu akauliza. "Yale matumbawe yote ya baba?"

"Hakuna hata moja lililokaa. Alikuwa akiwaita wageni waje waone."

Kicheko chake kikageuka kilio hapo hapo, bila kituo, na mke wangu akamkumbatia. Mimi nilisimama na taulo mkononi kama mlinzi wa bafu. Alipotulia, alikohoa, na ndipo nikajua mke wangu alirithi wapi kile kikohozi.

"Ila nikuulize kitu, mwanangu. Kigae nacho unakibandika kikiwa na utelezi hivi?"

Kila siku ya Mungu nawafokea wasaidizi wangu: futa kwanza, kausha kwanza! Nikaenda kutafuta kitambaa.

Tulilifuta tumbawe ute kwa kitambaa, tukalikausha kitako. Jiwe nalo tulilisugua kwa mswaki. Nikapaka gundi, juu yake gundi nzito ya kukanda, kisha gundi tena. Pima maji niliiacha kwenye mfuko wa kazi. Nililishika chini ya maji mpaka vidole vikafa ganzi, na mkono wa mama mkwe ulikuwa juu ya wangu.

Kesho yake niliamka kabla ya wote nikanyata sebuleni. Mama mkwe alikuwa ameshafika, mbele ya tangi. Tumbawe lilikuwa limesimama, limekunjua vinyweleo vyake vyote kwenye mwanga.

"Umeshalirudisha?" nikamnong'oneza.

Akanionyesha mikono yake. Mikavu.

"Nilidhani ni wewe," akasema.