Unyayo wa Nyapara

"Chuchumaa, halafu simama," alisema nyapara Gerishom. "Mara tano tu, mama. Kama hayo magoti ni mabovu kweli, tutaona."

Kahonzi alikuwa amekuja kuomba kazi ya kushona magunia, kazi ya kukaa. Miaka kumi na saba alikokota reki katika mabwawa ya chumvi ya Marereni, na sasa magoti yalikuwa yamevimba, yakilia kila hatua. Daktari wa kampuni hakuyagusa. Aliandika kwamba mwanamke huyu ni mvivu, akamwita mgonjwa mwingine.

Tangu siku hiyo Kahonzi hakuona sababu ya kuamka. Alishinda kitandani akitazama ukuta, hapiki, haogi, salamu za majirani hazijibu. Kilichomwinua leo ni hasira, na aliishukuru.

Alichuchumaa. Kuinuka kukamshinda, akaanguka kwa makalio mbele ya foleni nzima ya wafanyakazi. Gerishom alicheka, nao wakacheka kwa kuwa yeye anacheka.

Kahonzi hakulia. Mbele yake mchangani palikuwa na alama ya kiatu cha Gerishom. Aliuzoa mchanga ule wote, kisigino hadi vidole, akaufunga kwenye pindo la leso. Kicheko kikakatika. Pande hizo kila mtu anajua kwamba unyayo uliozolewa hupelekwa kwa mchawi, na mwenye unyayo hufa amevimba miguu.

Kahonzi hakumjua mchawi hata mmoja. Lakini uso wa Gerishom ulivyosawijika ulimpa raha ambayo hakuwa ameionja kwa miezi.

"Shikamoo, mama," alisema Gerishom. "Urudishe huo mchanga. Magunia utashona. Utaanza leo."

"Marahaba. Chuchumaa, halafu simama."

"Mama, tafadhali, watu wanaangalia."

"Mara tano. Nahesabu."

Nyapara alichuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena, jasho likimchuruzika shingoni. Kahonzi alihesabu polepole, kwa sauti ya kusikika mwisho wa foleni, akatamani namba zisiishe. Kisha akafungua pindo, akaumwaga mchanga. Gerishom aliufukia kwa kiatu, akawageukia watu.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Huyu ni mchawi, simsingizii."

Kahonzi alinyoosha mkono ainuliwe. Aliyekuwa karibu ni Fondo, jirani yake, ambaye kabla hajaugua walitoka pamoja nyumbani kila siku ya kazi. Fondo hakuushika. Alikuwa ameikamata reki yake kwa mikono miwili.

"Kahonzi," alisema taratibu, "mwanangu Kabibi, huyu aliyekufa masika. Unyayo wake uliuzoa lini?"

"Fondo, mimi ndiye niliyeiosha maiti ya mtoto yule."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Kahonzi aliweka viganja chini akajaribu kusimama. Foleni ilikuwa imevunjika, watu wamemzunguka. Gerishom aliwatazama kidogo, akaingia ofisini, akafunga mlango.