Tisa Yangu

Struan, kaka wa mke wangu, alishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, na fimbo yenyewe nilimpa mimi. Jumamosi ile alibeba Kombe la Septemba mbele ya macho yangu. Nilimwonea kijicho hadi nikaiacha supu yangu mezani.

Alipiga mikwaju tisini na saba! Mimi themanini na nne, na katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye bora. Lakini kwetu Scotland mambo hayaishii kwenye mikwaju uliyopiga. Kila mtu ana handikapu yake, yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa ili dhaifu aweze kushindana na hodari. Struan hupunguziwa ishirini na nne, akabaki na sabini na tatu. Mimi hupunguziwa tisa tu, nikabaki na sabini na tano. Tisa hiyo niliihangaikia miaka kumi na miwili. Sasa mtu anayeshinda vichakani akitafuta mpira ndiye anayeandikwa kwa dhahabu ukutani, na jina langu halimo.

"Shemeji, mbona umenuna?" akaniuliza, kombe kwapani. "Njoo unywee humu."

"Kunywa mwenyewe, jambazi."

Watu wakacheka. Jambazi ndivyo tunavyomwita mtu anayejifanya mbovu ili apunguziwe mikwaju mingi. Walidhani natania.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Elspeth, mtunza handikapu wa klabu.

"Struan anatuibia," nikasema. "Ishirini na nne si yake."

Akafungua kompyuta bila haraka. "Struan huleta kadi ya kila mchezo. Hata ile siku aliyopiga mia na kumi na sita kwenye mvua, aliileta. Mashine huchukua kadi ishirini za mwisho, ikatafuta nane bora, ikatoa wastani wake. Hesabu yake ni safi." Akavua miwani. "Yako je, Wattie?"

"Yangu ina nini?"

"Mwaka huu nimekuona kupitia dirisha hilo ukicheza mara arobaini. Umeleta kadi kumi na moja, zote nzuri. Zile mbaya zimekwenda wapi?"

Zilikuwa zimeishia jikoni kwangu, kwenye moto.

"Kwa haki, kwa ninavyokuona ukicheza, wewe ni kumi na nne," akasema. "Themanini na nne toa kumi na nne, ngapi?"

Sabini. Kombe lilikuwa langu!

"Jambazi huwaibia wenzake. Wewe umejiibia mwenyewe, baba. Nirekebishe? Jumatatu nabandika orodha mpya ya handikapu ubaoni."

Nikaiona akilini ile orodha, na jina langu limeshuka mistari ishirini, katikati ya wazee wenye magoti mabovu.

"Acha ilivyo. Kadi nyingine zikipatikana nitaleta."

"Hutaleta," akasema, akavaa miwani yake.

Nilipotoka, Struan alikuwa ananisubiri mlangoni. Hakuwa na kombe. Alikuwa amewaachia wenzake.

"Shemeji, nikwambie kitu usinicheke? Kila nikipita pale ubaoni nasoma ile tisa yako. Wivu unanitafuna, wallahi. Kombe hata wabovu tunalipata kwa kupunguziwa, lakini tisa mtu huipata kwa uhodari tu. Uliipataje?"

Nyuma yangu mlango wa Bi Elspeth ulikuwa wazi, na nilisikia vidole vyake vimeacha kuandika.

"Mazoezi tu," nikamwambia.