Chiriku Amerudi kwa Baba Yake

Tangu Chiriku aondoke, fundi alikuwa hapokei nguo za watoto. Mteja akija na kitambaa cha gauni la bintiye, alimwelekeza duka la jirani, akisingizia kwamba kazi zimemzonga. Kazi zenyewe zilikuwa suruali mbili za kupunguza na pazia moja.

"Riziki unaifukuza kwa fagio," wifi yake, mke wa kaka yake, waliyeshona naye chumba kimoja, akamwambia.

"Iache iende. Ikichoka itarudi."

Wifi akarudi kwenye cherehani yake. Hakuwa mtu wa kunyamaza ovyo, ila alijua kidonda kilipo.

Chiriku hakuwa mtoto wa fundi wa kumzaa. Ajali ya lori ilimuua mama yake na kumlaza baba yake, aliyekuwa dereva wa malori, hospitalini, hajulikani wa kupona wala wa kuzikwa. Baraza la mji ndilo lenye dhamana ya watoto waliokosa wa kuwashika, na ofisi yake ya ustawi ikatafuta nyumba. Fundi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na alikuwa amekwisha kupita mafunzo ya walezi. Akaletewa msichana wa miaka miwili na nusu, macho makubwa, mdomo umefungwa kama mfuko wa posta. Majuma yakapita hasemi. Kisha asubuhi moja, cherehani ikiunguruma, mtoto akauliza, "Hii nayo inachoka?" Tangu siku hiyo mdomo haukupumzika tena, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Akamwita fundi "mama" bila kufundishwa na mtu.

Fundi alijua tangu mwanzo kwamba mtoto wa kupewa na baraza ni wa kurudishwa. Alijua kama mtu ajuavyo kwamba atakufa: kwa kichwa, si kwa moyo. Baba akapona, akatoka na magongo, akapewa kazi ya kupanga zamu za madereva wenzake. Ofisi ikakagua nyumba yake, ikaridhika, hasa kwa kuwa dada yake alihamia pale kumsaidia. Siku ya kumkabidhi, Chiriku aligeuka nyuma kwenye kioo cha gari mpaka gari likakata kona.

"Tumpe nafasi amzoee baba yake," afisa wa ustawi alimwambia. "Kwa sasa usiende kule."

Nafasi hiyo ilikuwa na urefu gani, hakusema. Kila fundi alipokwenda kuuliza alijibiwa, "Anaendelea vizuri, mama." Maneno yaleyale, hata sauti ileile. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kuhusu mlezi hawakusema kitu.

Basi, gari la matangazo likapita mtaani: kamati ya madiwani inayosimamia huduma za watoto na familia ingekaa ukumbini, na wananchi walikaribishwa.

"Nenda," wifi alisema.

"Nikaseme nini mbele ya madiwani?"

"Hayohayo unayoisemesha cherehani kila siku. Mimi nimeshachoka kuyasikia, wao bado."

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni iliyozunguka ikilalamika. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mji. Diwani mmoja kijana alipojaribu kumharakisha, alimwangalia juu ya miwani. "Mwanangu, wewe nilikupokea mwenyewe, ukiwa uchi na unapiga kelele. Kelele hujaacha. Subiri." Ukumbi ukacheka.

Afisa wa ustawi akasimama, akaeleza kwamba watoto wote waliorudishwa makwao wanaendelea vizuri.

"Umewaona?" mkunga akauliza.

"Mheshimiwa, wengine tumewapigia simu wazazi wao."

"Sijauliza simu. Umewaona kwa macho?"

Afisa, kijana wa watu, akajifuta jasho. Hakuwa mvivu, mji mzima ulikuwa umewekwa mabegani mwake na mwa mwenzake mmoja. "Wengi bado, mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Wananchi wakapewa nafasi. Fundi alijikuta amesimama, miguu imemtangulia akili.

"Mimi ni mlezi," akasema. "Nililea mtoto wa baraza, akarudishwa kwa baba yake. Ni haki yake, na sikuja kumdai. Lakini mtoto yule akilala lazima ashike sikio la mtu. Mvua ikinyesha haogopi radi, anaogopa maji yanayotiririka kwenye mfereji wa bati. Hakuna aliyeniuliza mambo hayo siku anaondoka. Na mimi nikiuliza kama analala, naambiwa anaendelea vizuri. Anaendelea wapi?"

Mkunga akavua miwani yake.

"Kukurudishia mtoto hatuwezi," mkunga alisema, taratibu safari hii. "Na kumlazimisha baba akufungulie mlango hatuwezi. Ila tunaweza kuhakikisha anaulizwa." Akamgeukia afisa. "Kila nyumba, kwa miguu yako. Umwone mtoto, na umuulize mzazi kama angependa mlezi amtembelee. Kikao kijacho utuambie ulichokiona, si ulichoambiwa. Na kamati itakutafutia mtu wa kukusaidia, maana hata punda ana kiasi chake."

Fundi akarudi kushona na kungoja. Kila kivuli kilichopita mlangoni kilimnyanyua kichwa. Alikuwa ameanza kukata tamaa aliposikia magongo yakigonga sakafu ya varanda. Mwanamume mwembamba alisimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ukae, baba."

Akakaa kwa taabu. Wifi akakumbuka ghafla kwamba ana uzi wa kununua.

"Afisa alikuja," baba wa mtoto akaanza. "Aliniuliza habari yako, na nilitaka kusema hapana. Nikuambie ukweli. Usiku akilia, anakulilia wewe. Mimi nimetoka kaburini kwa ajili yake, naye ananitazama kama mgeni aliyesahau kuondoka." Akayasogeza magongo yake. "Afisa aliniambia kwako mlimwita Chiriku. Nikashangaa. Kwangu hasemi. Akitaka maji ananyoosha kidole."

Jambo la kwanza lililompitia fundi moyoni lilikuwa furaha, nayo ikamtia aibu papo hapo. Mtoto alikuwa amejifunga tena, kama mwanzo.

"Ulimfanyaje hata akasema?" baba akauliza.

Angeweza kuificha siri hiyo. Ilikuwa mali yake pekee iliyobaki. "Sikumfanya kitu," alisema. "Nilikuwa nazungumza peke yangu kama mwehu. Kitambaa hiki kibaya, uzi huu umekatika. Sikumuuliza lolote. Siku moja akaamua kunijibu. Usimhoji, baba. Zungumza karibu yake."

Jumamosi alasiri fundi alikwenda. Chiriku alikuwa kizingitini, amerefuka, nywele zimesukwa na mkono mwingine. Hakukimbia kuja. Alijificha nyuma ya shangazi yake, akachungulia, kisha akasogea hatua kwa hatua mpaka akashika mkono wa fundi, akaunusa.

"Umekuja kunichukua?"

Baba akainamisha kichwa. Fundi akapiga magoti mbele yake.

"Nimekuja kukutembelea, mama. Hapa ndipo kwenu."

Mtoto akalia, kilio kirefu cha kushtakia. Mikono ya fundi ilitaka kumbeba na kukimbia naye, akaibana magotini. Baba aliweka magongo kando, akajishusha sakafuni, gongo moja likaanguka kwa kishindo. "Goti hili," akasema, bila kumlenga mtu yeyote, "linalia kama breki za lori la mkaa. Lile lori lilikuwa halitaki mlima. Ukilibembeleza linasusa, ukilitukana linapanda." Aliendelea hivyo, anayumba katika hadithi yake, anatazama goti tu.

Kilio kikapungua, kikawa kwikwi.

"Ulilitukana nini?" Chiriku akauliza.

Shangazi akajiziba mdomo. Baba hakuthubutu kugeuka. "Nililiita kiazi," akasema, na macho yake yakajaa machozi.

Fundi alikaa mpaka jua likapoa. Alipoaga, mtoto alimsindikiza hadi mlangoni tu, kisha akarudi ndani mbio, kwa sababu lori lilikuwa bado halijafika juu ya mlima.

"Jumamosi nyingine uje," baba alimwambia. "Tafadhali."

"Nitakuja."

Alitembea polepole. Alipofika kwake aliipita nyumba, akaenda hadi mwisho wa barabara, akakaa kwenye ukuta wa shule iliyofungwa. Alikuwa ameshukuru, tena kwa dhati. Na bado mkono aliounusa mtoto aliushika kifuani kwa ule mwingine, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.